Rika la Wahu

Nina miaka ishirini na saba. Kwa miaka mitatu nimeulizwa umri wangu kila siku ya kazi, na sijawahi kujibu ukweli hata mara moja. Wanawake wengine hupunguza. Mimi nilikuwa naongeza.

Nauza mafuta ya uso ya kuzuia mikunjo, River Road, ghorofa ya pili, katika yale maduka madogo yaliyogawanywa kwa vioo, ambako jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua kichwa. Duka ni la Nzomo. Siku aliyoniajiri hakutaka kuona cheti chochote. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea dirishani, akasema, "Hii ngozi ya mafuta ndiyo natafuta. Hii haikunjiki haraka." Nusura nimkumbatie. Shuleni walikuwa wananiita Chips, kwa sababu kufikia saa nne asubuhi uso wangu ulikuwa unang'aa hata bila jua. Sasa hapa kuna mtu mzima ananiambia uso huo ni mali.

Kisha akanieleza kazi yenyewe. Mteja akiingia, mshike kidevu, mgeuze kwenye mwanga, muulize umri. Akisema arobaini, wewe una arobaini na moja. Akisema thelathini na tano, wewe una thelathini na sita. Halafu nyamaza, umwache akutazame. Nzomo alinipa wigi fupi la kimama, miwani ya kusomea na gauni la kitenge lililofika kwenye vifundo vya miguu. Akanipa na jina, Mama Tobi. Tobi alikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili, akisomea uhandisi. Dada yake Lornah alikuwa bado sekondari.

Wiki ya kwanza niliona aibu. Ya pili niliona aibu kidogo. Ya tatu nilikuwa nimeshamtafutia Tobi mchumba.

Wateja walikuwa wananishika mashavu wakisema haiwezekani. Mimi nawaambia waulize jirani, na Omollo, anayetengeneza saa upande wa pili wa kioo, anaitikia bila kugeuka, "Huyo ni mama mzima." Basi. Mkebe mmoja unatoka, wakati mwingine miwili. Wote walitaka kujua nilianza lini, na jibu langu lilikuwa moja: nilianza mapema, ndiyo maana.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kujipaka yale mafuta. Nilikuwa nikiosha uso kwa sabuni laini na maji, asubuhi napaka mafuta mepesi ya kukinga jua kutoka duka la dawa, na hapo nimemaliza. Krimu ya Nzomo ilikuwa nzito, na ilikuwa na dawa kali ya kubandua ngozi kuukuu. Ningeipaka usoni mwangu, ningeamka na chunusi kama mahindi kwenye gunzi. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Naomba mtu asinisaidie kwa kusema sikujua.

Wahu alikuja mwaka jana, siku moja asubuhi wakati hakukuwa na wateja. Mama wa mtaa wa Jamhuri, mnene kiasi, mwenye kitambaa kichwani na kicheko kinachoanzia tumboni. Nilimshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga, nikamuuliza umri. Akasema arobaini na tano. Kanuni ilitaka niseme arobaini na sita, lakini nilimpenda ghafla, sijui kwa nini, nikasema, "Hata mimi."

"Darasa la nane ulimaliza mwaka gani?"

Mimi hesabu za haraka si zangu. Nikamrudishia swali.

"Tisini na tatu," akasema.

"Hata mimi."

"Basi wewe ulikunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni."

Nikamwambia jinsi tulivyokuwa tunang'ata ncha ya ile pakiti na kunyonya maziwa tukikimbia nyumbani, na jinsi walimu walivyokuwa wanatuchapa kwa kutupa pakiti njiani. Hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama yangu mzazi, aliyenisimulia tukichambua mboga nyumbani Webuye, nami nikayachukua nikaenda kuuzia mafuta.

Wahu alikaa kwenye stuli akavua kitambaa. "Usiniite mama," akasema. "Niite Wahu. Wewe ni rika langu." Na kwao Kiambu rika si neno la kutupa ovyo. Watu wa rika moja huambiana mambo ambayo hayaendi juu kwa wazazi wala hayateremki kwa watoto. Mimi nilijua. Nilimwita Wahu.

Alirudi baada ya mwezi, amenibebea avokado za kwao Kiambu. Safari hiyo alinong'ona. Mwili ulikuwa umeanza kumchoma usiku, jasho mpaka shuka linalowa, na hakutaka mume wake ajue. Usiku mmoja alimfukuza kitandani bila kumpa sababu, na mzee akadhani amechukiwa. Akaniuliza mume wangu mimi nilimfanyaje. Nilikuwa sina mume, sina joto, sina hata shuka la pili. Nikamwambia, "Mimi nilimwambia anakoroma. Akahama mwenyewe." Wahu alicheka mpaka akashika kioo, na Omollo akageuka kwa mara ya kwanza.

Mara ya tatu alikuja kwa ajili ya binti yake. Msichana wa miaka kumi na tisa, ngozi ya mafuta, chunusi mbili tatu za kawaida. Je, aanze sasa, ama angoje?

"Mimi nilianza na kumi na tisa," nikasema. "Na ngozi yangu ilikuwa ya mafuta vilevile. Usingoje."

Alinunua mkebe mkubwa. Sikumwona tena, na sitasema uongo kwamba nilimfikiria sana. Nilikuwa nimempata Kuria.

Kuria hutengeneza mashine za kopi katika ofisi za Hurlingham. Tulikutana kwa rafiki yangu Jackie, katika ofisi yake pale barabara ya Argwings Kodhek, mashine ikiwa imetafuna karatasi na Kuria ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilimpenda kwa sababu hakuudhika na ile mashine. Nilimwambia umri wangu wa kweli, jina langu la kweli, Ivyne, na kazi yangu kwa ujumla. Dukani nilimkataza kufika. Nilisema tajiri wangu hapendi. Baada ya miezi minane akaniambia ni wakati niende kwao nikaonekane, Jumapili baada ya kanisa. Mama yake alikuwa na hamu. Alimwita mum, kama kila mtu anavyomwita mama yake, kwa hivyo sikuwa na habari yoyote.

Nilisuka nywele, nikavaa gauni la bluu la kufika magotini, nikabeba mkate, sukari na majani ya chai. Kuria alibisha geti. Aliyefungua alikuwa Wahu.

Alinishika mikono yote miwili. "Karibu, Ivyne. Karibu nyumbani." Alikuwa ananitazama kama mtu anayeona mgeni, na nikaelewa kwamba bila wigi, bila miwani na bila kitenge, mimi kwake ni msichana mwingine tu. Moyo wangu ukashika tumaini baya. Nikasema labda itapita. Nitaongea kidogo, nitacheka kidogo, nitakula nishukuru niende, na nikiolewa nitaacha kazi ya Nzomo, na Mama Tobi atakufa bila mazishi.

"Shikamoo, mama," nikasema. Kwetu hatuamkii hivyo sana, lakini nilitaka kuwa mtoto kadiri iwezekanavyo.

Ndani tulimkuta baba yake, Mzee Wainaina, mrefu, mpole, amevaa sweta ya kanisani. Kisha akaja msichana na birika la maji ya kunawa na beseni, ameinamisha kichwa. Huyo alikuwa Wangu, dada mdogo wa Kuria. Alinimiminia maji bila kunitazama. Mimi nilimtazama. Mashavu yalikuwa na mabaka meusi, pembeni mwa pua ngozi ilikuwa imebanduka ikarudi nyekundu, na kwenye taya chunusi zilikuwa zimepandana. Uso wa miaka kumi na tisa. Maji yalikuwa yamekwisha mikononi mwangu na bado nilikuwa nimeinyoosha.

Chakula kilikuwa kuku, mukimo na chapati. Sikuonja chochote, nilimeza tu. Mzee Wainaina alikuwa mtu wa mizaha, akitaka nijisikie nyumbani.

"Hiki chumba cha Kuria," akasema akinionyesha mlango, "siku hizi ni changu. Nimehamishwa. Eti nakoroma. Miaka ishirini na minane sijawahi kukoroma, nimeanza mwaka jana."

Kuria alicheka. Wahu aliangalia chupa ya chai. Mimi niliangalia sahani. Mzee wa watu alikuwa analala kwenye kitanda cha kijana wake kwa sababu ya maneno niliyoyatunga nikiwa nimeketi juu ya katoni ya losheni.

Wangu alirudi kuondoa vyombo. Wahu akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, "Usimshangae huyu, si kwamba ana madharau. Ni uso. Ameacha hata kwenda kanisani. Ameacha hata mafunzo ya kazi, ile attachment yake ya hoteli, alikuwa anawekwa reception."

"Mum, please," Wangu akasema.

Ningekaa. Mtu mwenye akili angekaa. Lakini nilisimama, nikamshika Wangu kidevu kwa vidole viwili, nikamgeuza kuelekea dirishani ili nione kama ngozi ya chini imeharibika ama ni ya juu tu. Nilifanya hivyo bila kufikiri. Ndivyo mikono yangu ilivyofunzwa. Nikamuuliza, "Bado unaipaka?"

Nyuma yangu kikombe kiliwekwa kwenye kisahani.

"Rudia hivyo," Wahu akasema.

Niliachilia kidevu cha mtoto.

"Hiyo mkono naijua. Na hiyo sauti." Alisimama polepole. "Mama Tobi."

"Mum, huyu ni Ivyne," Kuria akasema.

"Huyu ni Mama Tobi wa River Road. Huyu ni rika langu, Kuria. Ana miaka arobaini na sita sasa. Ana kijana chuo kikuu, na msichana sekondari. Ana mzee." Alinigeukia. "Mzee wako anajua uko hapa?"

Kuria alinitazama kama alivyoitazama ile mashine siku ya kwanza, akitafuta karatasi imekwama wapi. Ningeweza kukana. Nilifungua mkoba nikatoa kitambulisho, kwa sababu mdomo wangu haukuwa tena na kazi mbele ya wale watu. Nilimpa mzee, ambaye alikuwa karibu. Alivaa miwani akasoma kwa sauti, jina, wilaya, kisha mwaka. "Elfu moja mia tisa tisini na nane."

Akasoma tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Si ni mtoto! Wahu, huyu ni mdogo kwa Kuria. Ulikuwa unamwona wapi?"

Basi nikawaambia. Nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mtu wa shule aliyeitwa mbele. Wigi, miwani, kitenge, Tobi, Lornah, kanuni ya Nzomo. Nilimwambia Wangu kwamba mkebe ule ulitoka kwangu, na kwamba nilijua haukuwa wa ngozi kama yake. Mzee aliendelea kutabasamu kwa muda, kwa sababu kwake shida kubwa ilikuwa imekwisha. Mtoto wake hakuwa anaoa mama wa watu. "Hiyo ni biashara tu," akasema. "Town watu huongea mengi."

Lakini Wahu hakutabasamu. Alikuwa amekaa tena. Nilimwona akihesabu, na nilijua anahesabu nini. Alikuwa anarudi kwenye ile stuli, anachukua neno moja baada ya lingine, jasho, shuka, kitanda, kukoroma, na kila neno analiona limewekwa mikononi mwa msichana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa anataka kuuza mkebe. Aliinua kitambaa chake akajifunga kichwani vizuri, akivuta mpaka kwenye paji la uso. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mfuate," Kuria akaniambia. Sauti yake ilikuwa ngeni. "Mimi na wewe tutaongea baadaye. Huyo kwanza."

Jikoni Wangu alikuwa ameshafika, anaosha vyombo kwa nguvu. Hakugeuka.

"Kwa hivyo wewe ulianza na miaka ngapi?"

"Sijaanza," nikasema.

Alizima mfereji.

"Sijawahi kupaka hiyo kitu. Mimi hutumia sabuni laini mara mbili kwa siku, na sunscreen asubuhi, ile nyepesi haina mafuta. Basi. Hizo za kuzuia mikunjo, ngozi kama yetu inaweza kungoja mpaka ishirini na tano hivi, hata zaidi, na ukianza unaanza na kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa wiki. Sasa hivi usipake chochote kikali. Enda kwa daktari wa ngozi akuangalie hizo alama. Nitakupeleka mimi."

"Sitaki unipeleke."

"Sawa."

"Si ungesema tu hivyo. Mum alipokuuliza." Aliufungua tena mfereji. "Ni sentensi mbili."

Nilitoka nje.

Wahu alikuwa kwenye kamba ya nguo, anaanua nguo ambazo bado zilikuwa na unyevu. Nilisimama upande wa pili wa shuka. Nilikuwa nimetunga maneno mlangoni, yakaishia mlangoni.

"Kuria akitaka kukuoa, akuoe," akasema. "Kitambulisho nimesikia. Siwezi kukataza mtu kwa sababu anadanganya wateja, nusu ya hii mji ingekaa bila kuolewa."

Nilishika kamba ya nguo.

"Lakini mambo niliyokuambia hayaambiwi mtoto. Hata Wangu sijamwambia, na alitoka tumboni kwangu. Sasa nikikuletea chai, nitakuwa namletea mtu anayejua shuka langu. Mzee amekaa hapo ndani anakuchekea, hajui unajua. Nitaangalia wapi?"

"Sitawahi kumwambia mtu."

"Hilo najua. Unajua kuficha." Alikunja foronya, akaikunjua, akaikunja tena. "Uliniita Wahu. Mke wa mtoto wangu, uliniita Wahu, na mimi nikaitika."

Nilianza kulia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

"Mtoto alipoanza kubanduka uso, nilikuja," akasema. "Mwezi wa sita. Nilikuwa nimebeba huo mkebe nikutupie. Nikafika kwa zile ngazi za chini. Nikasikia umecheka huko juu. Unajua nilifanya nini? Nilirudi stage kupanda matatu. Nilijiambia nikigombana na huyu mama, nitaongea na nani? Kanisani ni kujifanya. Dada zangu ni kusengenya. Rika nilikuwa nalo moja." Hakuwa ananitazama. "Nikaja nyumbani nikamwambia Wangu ni yeye alipaka vibaya. Alilia hiyo wiki yote akisema alipaka kama alivyoambiwa. Nikamwambia anyamaze, Mama Tobi hawezi kukosea, amepaka tangu akiwa mdogo."

Kutoka jikoni tulisikia sahani zikipangwa, moja juu ya nyingine. Wahu alinipa upande mmoja wa shuka, labda bila kufikiri, kwa sababu shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Nilishika pembe mbili, yeye mbili. Tukalivuta, tukalikunja, nikamsogelea kumrudishia pembe zangu, na vidole vyetu vikagusana.

Nilitaka kusema pole. Nilitaka kuanza na jina, kama mtu anavyoomba msamaha. Kumwita mama sikustahili. Wahu hakuwa wangu tena. Nikasema pole tu, bila jina, na yeye akachukua shuka akaingia ndani.